Mama hakuwa anapunga mkono, alikuwa anadai pesa yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nashona sare za shule na za kwaya, na si mtu wa kuandikia magazeti. Niliwahi kukuandikia mara moja juu ya bei ya uzi, barua haikutoka, nikanyamaza. Hii naomba itoke hata ikibidi uipunguze, maana inahusu mkono wa mama yangu.

Hii ni wiki ya tatu tangu watundike, kwenye bustani moja ya wazi hapa mjini, michoro ya mzee mmoja aliyekuwa akipiga gitaa la besi katika bendi ya dansi miaka ya sabini na mwanzo wa themanini. Jina lake silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Bendi yake nayo siitaji. Mwenyewe anasema haikuwa bendi kubwa: "Sisi tulikuwa tunajaza ukumbi wakubwa wakiwa safarini." Lakini walizunguka. Kigoma, Tabora, Mwanza, Lindi, Mbeya, wiki sita hawajaonana na wake zao, na wenzake walipokuwa wakicheza karata ndani ya behewa, yeye alikuwa na penseli. Karatasi ilikuwa adimu, kwa hiyo alichora popote: nyuma ya mabango ya dansi, kwenye madaftari ya shule ya wanawe, ndani ya pakiti za sigara zilizokunjuliwa, kwenye stakabadhi za nyumba za wageni. Sasa michoro hiyo imetiwa kwenye mifuko ya nailoni ngumu na kubanwa kwa vibanio vya nguo kwenye kamba zinazotoka mwembe huu kwenda mwembe ule. Ukiwa mbali utadhani mtu ameanika nepi.

Hakuna tiketi wala mlango. Unapita na kapu lako la mchicha, unasimama, unaangalia, unakwenda zako kuwahi daladala. Ndivyo nilivyoiona mimi. Siku ya kwanza nilipita tu, siku ya pili nikachelewa kufungua kibanda kwa saa nzima.

Macho yangu huenda kwenye nguo kwanza, ndiyo kazi yangu. Mzee huyu ng'ombe hawezi kuchora, ng'ombe wake wana miguu ya kiti, na sura za watu wake zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Lakini nguo anaijua. Suruali za pekosi amezichora na mshono wake wa pembeni, unaona kabisa pale inapobana gotini na pale inapoanza kufunguka kwenda chini. Viatu vya raizoni, vile vya soli nene, amevipa soli yake yote, hakupunguza. Na kuna shati la sare ya bendi, limetundikwa dirishani mwa treni likauke, kola yake imegeuzwa. Vijana wa leo hamjui kugeuza kola. Kola ikichakaa upande wa shingoni, fundi anaifumua, anaipindua, anaishona tena, upande uliokuwa umejificha unakuja juu, na shati linaishi miaka mingine miwili. Mzee amechora ile alama ndogo ya mshono wa zamani inayobaki pale kola inapokutana na shingo. Nilisimama mbele ya kola hiyo nikasema, huyu mtu haongopi.

Gitaa zote kwenye michoro yake zina namba zilizoandikwa ubavuni kwa rangi. Kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza kama ni namba za simu. Nikamweleza kwamba bendi nyingi siku zile zilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, polisi walikuwa na yao, jeshi nalo yake. Vyombo ni mali ya mwenye bendi, vina namba kama viti vya ofisini. Mwanamuziki akihama anaacha gitaa, anaondoka na vidole vyake.

Na michoro imefika mahali pake. Huu ni mji wa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi mbili zilizowagawa watu wa hapa kama Simba na Yanga. Morogoro Jazz ilifika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970, na mpaka leo kuna wazee wanaokusimulia kana kwamba na wao walikuwemo ndani ya ndege. Wote wawili walikufa kwa ajali za barabarani, Salum mwaka 1965 na Mbaraka mwaka 1979. Kwa hiyo pale kwenye kamba ya kwanza, kwenye mchoro wa lori lililolala ubavu mtaroni, spika zimetawanyika majanini na mtu mmoja amekaa juu ya boksi la ngoma ameshika kichwa, wazee hawasemi kitu. Wanausogelea, wanasimama, wanahamia mwingine.

Tatizo langu, Mhariri, ni maneno yaliyobandikwa chini.

Chini ya kila mchoro kuna kijikaratasi kilichochapwa. Maneno hayo hakuyaandika mzee. Yameandikwa na kikundi kilichoandaa, vijana wazuri tu, wana heshima, lakini wamezaliwa juzi na treni ya zamani wameisikia kwa babu zao. Kuna mchoro wa meli, watu wanateremka ubavuni mwake kwa kamba na ngazi kuingia kwenye mitumbwi, mbuzi mmoja yuko hewani amefungwa tumboni, na chini wameandika: "Meli katika Ziwa Victoria." Muuza dagaa mmoja, mtu wa Kigoma, alisimama pale akacheka mpaka akatua beseni lake. "Hii Liemba!" Tukamuuliza amejuaje, maana meli ni meli. Akatuonyesha mitumbwi. Vijiji vingi vya mwambao wa Ziwa Tanganyika havikuwa na gati, akasema, meli ilikuwa inasimama majini, mitumbwi inaijia, na abiria, magunia, watoto wachanga na mbuzi walikuwa wanashushwa hivyohivyo, usiku hata mchana. Akaendelea na historia yote bila kuombwa: Wajerumani waliiunda kwao mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, 1916 wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Watu kama kumi na tano tulikuwa tumemzunguka. Mwanafunzi mmoja aliandika kwenye mkono wake kwa kalamu.

Siku nyingine alikuwa ni baba mmoja wa Kilwa. Mchoro unaonyesha foleni ya malori kwenye ukingo wa mto, wanamuziki wamelala chini ya lori kama magunia, gitaa zimening'inizwa kwenye matawi zisikanyagwe. Kijikaratasi kinasema "Kivukoni", basi. Yule baba akasema hapo ni Ndundu, Mto Rufiji, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, na pantoni ikiharibika mlikuwa mnaweza kupika ugali mara tatu mkiwa palepale. Alimtambua hata mti. Mimi sina hakika kama mti unaweza kutambulika kwa penseli, lakini yeye aliapa.

Sasa nije kwangu.

Kamba ya tatu, mchoro wa pili kutoka kushoto. Ni kipande cha bango la dansi, upande wa nyuma, unaona wino wa herufi kubwa ukivuja kutoka upande wa pili. Kimechorwa kutoka juu kidogo, kama mtu aliyeko dirishani. Chini, kwenye kokoto, mwanamke amesimama, sinia amelikalisha kiunoni upande wa kushoto, kanga ameikaza juu ya gauni, mkono wa kulia ameunyoosha juu kuelekea dirishani. Nyuma yake kuna mwanamke mwingine mwembamba mwenye sinia, nyumba ya stesheni nusu, na pembeni kabisa, pale karatasi inapoishia, umeonekana mkono wa mtoto ulioshika birika. Mkono tu, mwili wake haumo. Kijikaratasi kinasema: "Kwaheri, Saranda. Mwanamke wa kijijini akiwapungia mkono wanamuziki, Juni 1978."

Huyo ni mama yangu. Mkono wa pembeni wenye birika ni wangu, nilikuwa na miaka kumi na moja. Na mama hakuwa anampungia mtu mkono.

Kwa wasiopajua, Saranda ni stesheni kwenye Reli ya Kati, baada ya Bahi na Kintinku, njia inapopanda kwenda Manyoni. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, na nadhani siku ya pili yake watu wa Saranda wakaanza kuuza chakula. Abiria wote wa Tabora, Kigoma na Mwanza wa enzi hizo wanaijua kwa kuku. Treni ikisikika kwa mbali, akina mama walikuwa wamekwisha jipanga, sinia kichwani, kuku wa kukaanga wamepangwa mapaja juu, wengine na wali, wengine chapati, na sisi watoto na mabirika ya maji ya kunawa. Daraja la kwanza wanashuka wananyoosha miguu. Daraja la tatu hawashuki, ukishuka kiti chako kimekaliwa, kwa hiyo biashara yao ni ya dirishani. Unainua chakula juu, mkono unatoka, chakula kinaingia, pesa inashuka. Mara nyingi.

Mara nyingine pesa haishuki. Abiria anapokea, anasema "ngoja mama, pesa iko kwa mwenzangu", anageuka ndani, anajipapasa mfuko huu na huu, anakuuliza kama una chenji ya mia, na kichwa cha treni kinapiga honi. Wajanja walikuwa wanaijua honi kuliko dereva. Siku ile aliyepokea alikuwa kijana wa shati la maua, na mama alimpa nusu kuku, shilingi kumi, noti moja ya kijani. Behewa lao lilikuwa na kelele, wanapiga gitaa bila umeme na mtu anagonga sanduku, sisi watoto tumefurahi, tunacheza na mabirika yetu. Treni ikaondoka. Mama akaifuata kwa miguu ya haraka, hakukimbia, ukikimbia na sinia umekwisha, akafika mwisho wa kokoto akasimama, mkono juu. Alikaa hivyo mpaka behewa la mwisho likapita. Kuku mwenyewe alikuwa wa kukopa kwa jirani.

Mtu atasema mkono ni mkono, nimejuaje. Nimejua kwa vitu viwili. Kwanza kiganja. Anayepunga, kiganja chake humtazama anayeondoka. Angalieni huo mkono: kiganja kimeelekea juu, vidole vimejikunja kidogo kama mtu anayesubiri kuwekewa kitu. Hakuna mtu anayeaga hivyo, si Ugogo, si Uluguru, si popote nilipofika. Pili ni kidole cha mwisho. Mama alipokuwa msichana alipigwa na mchi wa mwenzake wakitwanga pamoja, kidole kidogo cha mkono wa kulia kikavunjika na kikapona vibaya, tangu hapo hakinyooki, kimelala juu ya mwenzake. Mzee amekichora kimelala. Nilimsikia mwalimu mmoja akiwaambia wanafunzi wake kwamba hapo mchoraji alikosea kidogo mkono, kwa sababu mikono ni migumu kuchora. Mwalimu, hakukosea.

Jioni nilimpigia mama. Yupo Manyoni kwa kaka yangu, macho yake hayaoni vizuri siku hizi kwa ajili ya mtoto wa jicho, kwa hiyo picha niliyotuma alielezwa na mjukuu wake, naye mjukuu alieleza vizuri, mpaka birika alilitaja. Simu ikawa kimya. Nikafikiri amelia. Kumbe alikuwa anahesabu. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Amelipa?"

Kesho yake nikaenda kwa kijana anayelinda michoro. Nikamweleza kwa upole, mwanangu, hapa pameandikwa siyo. Akanisikiliza, akacheka pale penye kuku, akaniita mama mara nyingi. Kisha akasema maelezo yote yameshaidhinishwa, yamechapwa, na kuna kitabu kidogo kiko kiwandani chenye maneno hayohayo, kwa hiyo haiwezekani. Nikamtajia Liemba. Akasema ya Liemba wanaijua, watu wengi wamesema, lakini nayo imeshaidhinishwa. Nikauliza ameidhinisha nani. Akaonyesha kwa kidevu upande wa barabara, kana kwamba mwidhinishaji amepita sasa hivi kwa pikipiki. Ndipo nikajua pia kwamba mwisho wa mwezi michoro inaondolewa hapa na kupelekwa kwenye ukumbi wa hoteli moja Dar es Salaam, kwa kiingilio.

Nilimsimulia binti yangu, ambaye anasoma mambo ya sanaa chuoni. Akaniambia kuna mwanamuziki wa Marekani, Bob Dylan, naye alichora akiwa ziarani kati ya 1989 na 1992, vyumba vya hoteli, barabara, reli, watu, na mwaka 2007 kazi hiyo ikawekwa kwenye makumbusho ya mji wa Chemnitz, Ujerumani. Lakini kabla ya kuitundika, akachukua nakala za michoro yake ileile ya zamani akazipaka rangi, mchoro mmoja akaurudia mara kadhaa kwa rangi tofauti. Sasa mimi nauliza. Ikiwa mwenye mchoro mwenyewe, tena mtu wa sifa hizo, anaweza kuurudia mchoro wake baada ya miaka kumi na tano na mtu asiseme umeshaidhinishwa, kijikaratasi cha inchi nne kinashindikana vipi? Gundi nitatoa mimi.

Mzee mwenyewe nilimpata Jumamosi. Huwa analetwa na mjukuu wake saa kumi jua likipungua, anawekewa kiti cha plastiki chini ya mwembe wa mwisho, na watu wanakuja kumsalimu kama msibani. Nikapanga foleni. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akadhani nataka kupigwa naye picha. Nikamwambia mimi ni mkono wenye birika.

Hakuelewa. Nikamwomba mjukuu akaulete mchoro, akaenda akauchomoa kwenye vibanio, yule kijana mlinzi akiangalia pembeni. Mzee akavua miwani, akausogeza karibu na pua. Akaugeuza nyuma kwanza, akasoma bango: dansi la usiku, kiingilio, ukumbi, akatikisa kichwa kwa jambo lake mwenyewe. Kisha akaugeuza mbele. Nikamweleza kiganja na kidole. Akakitazama kidole muda mrefu.

"Mimi nilikichora kilivyokuwa," akasema. "Nilidhani ndivyo alivyokuwa anaita."

Nikamuuliza na hayo maneno ya kwaheri. Akasema hakuyaandika, yeye huandika jina la stesheni tu na mwezi, ndiyo hayo ya penseli pale pembeni, mengine aliyasoma bustanini kama sisi. Yalimpendeza, akasema, hakuona sababu ya kubisha. Watu wengi walikuwa wanawaaga kweli.

"Wa shati la maua je?"

Hapo akacheka, meno yake mawili ya mbele hayapo. "Huyo alikuwa mpiga tarumbeta wetu. Marehemu sasa. Yule alikuwa na deni kila stesheni, toka hapa mpaka Kigoma. Tukirudi alikuwa anajificha chooni Saranda yote."

"Na wewe, mzee, hukula?"

Akanyamaza. Watu waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni nao wakanyamaza.

"Paja," akasema. "Nilipewa paja."

Mhariri, sikuwahi kucheka hivyo tangu mwaka huu uanze. Mzee alicheka mpaka mjukuu akamshika bega. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akanipa mbele ya watu. Nikakataa. Nilimwambia sikuja kudai, nimekuja kusema tu. Alinisihi, nikakataa tena, nikajiona muungwana.

Basi ninayoomba ni machache. Vijana wa maonyesho wabandue kile kijikaratasi na waandike: "Saranda, Juni 1978. Mama muuza kuku akidai shilingi kumi." Jina lake nitawapa wakija kibandani, liandikwe au lisiandikwe mama ataamua mwenyewe. Liemba irudishwe ziwani kwake. Kabla hawajaiondoa michoro, waweke meza moja, daftari la kurasa mia na kalamu iliyofungwa kwa kamba isiibwe, watu waandike wanachokijua, maana mimi katika wiki tatu nimewaona wanaojua: muuza dagaa, baba wa Kilwa, mama mmoja aliyemtambua kondakta wa basi la Tabora kwa kofia yake. Hawa kwenye ukumbi wa hoteli hawaingii. Hawatazuiwa na mtu, lakini hawaingii, mimi mwenyewe singeingia. Daftari likijaa ndipo wachape kitabu chao. Kile kilichoko kiwandani kisimamishwe, najua kusimamisha kazi kunaumiza, nimewahi kufumua sare arobaini kwa sababu ya rangi ya kola.

Na wafunge turubai juu ya kamba ya kwanza. Mvua ya Jumanne iliingia ndani ya nailoni mbili, ile ya lori na moja ya nyumba ya wageni Itigi, na penseli ya zamani ikiloa hairudi.

La mwisho ni la mzee. Nilipomsimulia mama kwamba nilipewa pesa nikakataa, nilitegemea anisifu. Alinigombeza kwa dakika nane za salio langu, akaniuliza nani alinituma kukataa pesa isiyo yangu. Kwa hiyo, mzee wangu, ukisomewa barua hii, nisamehe kwa maringo yangu ya Jumamosi. Zile pesa mama anazitaka. Amesema bei ni ya kuku wa leo, na paja uliondoe kwa marehemu, ulipe wewe.

Wako,
Fundi cherehani, Morogoro